Mbwa Aliyeitwa Watachoka

“Huyu ndiye anti niliyekuwa nikiwasimulia,” Sifa aliwaambia wanawe, birika la chai likiwa mkono mmoja na kiganja changu kikiwa ndani ya ule mwingine. “Ndiye aliyemwokoa mbwa wetu. Na mama alipokuwa kitandani, ndiye aliyetuletea unga.” Tulikuwa tumetoka kumzika Mama Rispa hapo hapo Shirere, kando ya mji wa Kakamega, nyuma ya vyumba alivyokuwa akipangisha, na waombolezaji walikuwa wameketi chini ya turubai wakingoja chakula. Sifa alikuwa amejifunga leso kiunoni kama mabinti wengine wa boma lile. Watoto wa marehemu walipoitwa kusimama mbele ya jeneza alisimama katikati yao, wala hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba Mama Rispa ndiye aliyemlea tangu akiwa msichana mdogo. Wanawe walinipa mkono kwa adabu. Nikatabasamu, nikawauliza wako darasa la ngapi, kisha nikashika kikombe cha chai nikashindwa kukinywa. Kila neno alilosema Sifa lilikuwa la kweli. Mbwa nilimwokoa. Unga nilipeleka. Lakini nilijiona kama mtu aliyevishwa nguo ya mwenziwe mbele ya watu, akakosa ujasiri wa kusema si yake. Tena karibu na kaburi bichi la mwanamke ambaye aliyajua yote na hakuyasema hata siku moja. Tangu nirudi Eldoret sijatulia. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini Kakamega, mshahara wangu wa kwanza, chumba changu cha kwanza. Kilikuwa chumba cha mwisho katika safu ya vyumba vya Mama Rispa, ukuta wa udongo uliopakwa chokaa, paa la mabati ambalo mvua ya saa kumi ilikuwa ikilipiga kila siku kana kwamba inadai kufunguliwa. Ndani nilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta taa, na pazia la maua nililoshona mwenyewe ili mgeni akija asione kitanda. Lakini wageni sikuwa nao. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpweke, na nilikuwa na kiburi cha mtu mpweke: nilijiona bora kuliko wanawake waliokusanyika kila jioni kwenye baraza ya Mama Rispa kuchambua mrenda na kusema watu. Nilikuwa nikiwasikia kupitia dirisha langu nikiwa nimelala na viatu kitandani. Walikuwa wakimsema sana mwanamke mmoja aliyekaa bondeni, Selina, mjane. Mume wake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia baada ya kukonda kwa muda mrefu, na sasa Selina naye alikuwa anakonda. Hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Walisema, “Ameanguka kwa ule mdudu.” Walisema, “Hata mbwa wao amebaki mifupa, sasa mtu ambaye hawezi kulisha mbwa atalisha watoto?” Mama Rispa, aliyekuwa mwanamke mnene wa maneno machache, angewaacha waseme, halafu angesimama kukung’uta leso yake. “Mrenda umeisha,” angesema, na kikao kingevunjika.

Mbwa nilimwokota msimu wa mvua ndefu. Nilikuwa natoka kazini, mvua ikanikuta karibu na poshomili, nikajibanza chini ya ukingo wa paa pamoja na magunia. Alikuwa amejikunyata pembeni, mbwa wa rangi ya udongo, mbavu zinahesabika. Nilidhani amevaa ukanda. Nilipoinama nikaona ni waya, waya wa kuanikia nguo, umezama shingoni hadi nyama ikaanza kuufunika. Harufu yake ilinifanya nizibe pua. Alinitazama bila kuomba chochote. Mvua ilipopungua nilimwita, akanifuata kwa kuchechemea hadi kwenye boma, na Mama Rispa alipotuona akaweka mikono kiunoni.

“Jeni. Hiyo nini?”

“Mbwa, mama.”

“Mbwa naona. Nauliza inaenda wapi.”

Nilimwonyesha ule waya. Alichutama, akautazama kwa muda, akaguna, kisha akaingia jikoni na kutoka na koleo iliyokuwa ya marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyeukata waya ule huku mimi nimeshika kichwa cha mbwa na kufumba macho. “Asikanyage ndani ya nyumba,” akasema. “Akae kwa banda la kuni.” Asubuhi nilipita kwenye duka la dawa za mifugo, nikapewa dawa ya kupulizia, ya rangi ya zambarau, na kwa wiki kadhaa nilikuwa na mbwa mwenye shingo ya zambarau, watu wakicheka njiani. Nilimwita Tomi. Nilimnunulia maziwa. Jumamosi nilikuwa nikienda kwa muuza nyama kuomba matumbo yasiyo safi sana, nikayachemsha mwenyewe nikayachanganya na ugali. Aliponona, manyoya yake yakaanza kung’aa, na alipokuwa akinipokea njiani kila jioni kwa kurukaruka, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu nifike mji ule: kwamba kuna kiumbe anayenijua kwa hatua zangu. Kazini niliwasimulia wenzangu habari za waya. “Kuna watu ni wanyama kuliko wanyama,” nilikuwa nikisema, na wenzangu walikuwa wakitikisa kichwa. Nilipenda walivyokuwa wakitikisa kichwa.

Jumapili moja Mama Rispa alirudi kutoka kwenye maombi ya akina mama, akasimama katikati ya ua akiwa bado na Biblia kwapani, na badala ya kuniita mimi akapaza sauti: “Watachoka!”

Tomi alikuwa amelala kivulini. Masikio yakasimama, akainuka, akaenda kwake mkia ukipiga huku na huku.

“Nilifikiria hivyo,” alisema Mama Rispa. “Leo tulienda kuombea Selina. Msichana wake ananiambia mbwa yao ilipotea, ya rangi hii, na inaitwa Watachoka. Selina mwenyewe ndiye aliipatia hilo jina, wakati watu walianza kumsema.” Alicheka kidogo, bila furaha. “Kila wakati watoto wakiita mbwa, majirani wanasikia. Watachoka! Watachoka!”

Nikasema jambo nililokuwa nimeshalitayarisha miezi mingi bila kujua nalitayarishia nani. Nikasema siwezi kumrudisha mnyama kwa watu waliomfunga waya shingoni. Nikasema walikuwa na nafasi yao.

“Mbwa ya mtu ni ya mtu,” alisema Mama Rispa.

“Hata akitaka kumuua?”

“Wewe ulimwona akimuua?” Alihamisha Biblia kwapa la pili. “Mimi sikulazimishi. Lakini usiseme hayo maneno hapa kwangu. Nenda ukawaambie wenyewe.”

Nilikwenda. Jumamosi iliyofuata nilivaa sketi yangu ya kazini na viatu vya kisigino, nikamfungia Tomi kwenye banda ili asinifuate, na njia nzima ya kuteremka bondeni nilikuwa narudiarudia hotuba yangu. Nilitarajia kukuta uchafu. Nilikuta ua uliofagiwa ukabaki na alama za fagio. Nyumba ilikuwa ya mabati, lakini upande mmoja mabati yalikuwa yameng’olewa, pakazibwa kwa karatasi ya nailoni. Mwanamke alikuwa ameketi juani kwenye mkeka, amejifunika blanketi ingawa kulikuwa na joto, na wavulana wadogo wawili walikuwa wamemwegemea kila mmoja upande wake, kimya kuliko watoto wa umri wao wanavyopaswa kuwa. Msichana wa kama miaka kumi na moja alitoka nyuma ya nyumba na mikono yenye majivu.

“Karibu, mgeni wetu,” alisema yule mwanamke. “Sifa, leta kiti.” Sifa akaleta kiti, na nilipokaa ndipo nilipogundua kwamba ndicho kiti pekee. “Hatuna chai leo,” Selina aliendelea, kwa sauti ya mwenye nyumba anayeomba radhi kwa jambo dogo. “Ungekuja siku ingine ungekunywa chai.”

Nikasema nimekuja kwa habari ya mbwa. Wale wavulana wakainua vichwa. Nikasema ninaye, na nilimkuta na waya, na waya ulikuwa umeingia nyama. Na nilipofika hapo nikasubiri aibu iwapate. Selina alimtazama binti yake.

“Ni mimi,” alisema Sifa. Hakulia. Alisema akitazama vidole vyangu vya miguu. “Alikuwa anakula mayai ya watu, wakasema watamwekea sumu. Kamba ilikuwa imeisha. Nikamfunga na waya ya nguo. Alikuwa anavuta sana, ikaingia, na sikuweza kuifungua. Halafu hakukuwa na kitu ya kumpea. Nikakata pale kwa mti, nikamwambia aende akatafute.”

“Alilia siku nzima,” alisema mama yake.

Mvulana mmoja akauliza, “Amenona?”

“Amenona,” nikasema.

“Anakulanga nini?”

Wangeweza kuniuliza jambo lingine lolote. Mpaka leo naweza kujitetea kwa maswali mengine yote. “Maziwa,” nikasema. “Na ugali. Na matumbo, siku za Jumamosi.”

“Matumbo,” yule mdogo alirudia, akimwambia nduguye, bila wivu wowote, kama mtu anayepeleka habari njema. Jikoni kwao, ambako niliweza kuona kupitia mlango, majivu ya mekoni yalikuwa meupe na baridi. Yale maneno ya barazani, kwamba Selina hawezi kulisha mbwa wala watoto, nilikuwa nimeyasikia miezi yote kupitia dirisha langu, nikiwa nimelala na shibe. Na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba maneno yale yalihusu watu wenye magoti na mabega.

Selina akasema, “Tunashukuru umemtunza. Mrudishe, dada. Hatuna cha kumpa, sitakudanganya. Lakini shemeji zangu wanakuja hapa wanavyotaka. Ng’ombe walichukua. Mabati hayo umeona. Wakikuta mbwa wanasimama kwanza pale kwa njia, wanaita, mimi napata nafasi ya kukaa vizuri. Sasa wanaingia tu nikiwa nimelala hivi.” Alivuta blanketi. “Na watoto wanaogopa.”

Mbwa alikuwa wao. Aliyeomba alikuwa mgonjwa. Na mimi, nikiwa nimekalia kiti chao, nikamwambia, “Nitafikiria.”

Nimelitafuta neno lingine ambalo huenda nililisema, kwa sababu kumbukumbu hupotosha, lakini ni hilo. Nitafikiria. Kama ofisa anayeombwa kibali.

Sikumrudisha wiki ile, wala iliyofuata. Nilijiambia kwamba mbwa atakufa njaa kule, na hilo lilikuwa kweli. Nilijiambia kidonda hakijapona vizuri, na hilo lilikuwa uongo. Halafu nikapata njia. Nilinunua unga, sukari, majani ya chai na sabuni ya kipande, nikavipeleka bondeni ndani ya kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Selina alishukuru mpaka nikaona haya. Sifa akawasha moto mara moja, na harufu ya moshi ilipoanza kutoka jikoni wale wavulana wakaenda kusimama mlangoni. Nilipoaga, Selina akaniuliza taratibu, “Na mbwa?” Nikasema bado yuko na dawa. Jumamosi iliyofuata nikapeleka maharagwe. “Na mbwa?” Nikasema mvua imezidi. Nilikuja kuzoea swali lile hata nikawa najua litaulizwa wapi, pale penye mti wa mpera ambapo Sifa alikuwa akinisindikiza kwa niaba ya mama yake. Kule barazani wanawake walianza kunisifu. Yule karani, walisema, ana moyo, hamwogopi Selina, anaingia mpaka ndani. Nami dirishani nikawa nasikiliza, na sikuwaona tena kuwa wasengenyaji sana. Ni Mama Rispa tu ambaye hakunisifu. Siku moja alinikuta napakia kikapu, akatazama unga, akamtazama mbwa aliyelala miguuni pangu.

“Unawahonga,” alisema.

“Nawasaidia, mama.”

“Kusaidia ni vizuri. Saidia. Lakini wewe unawahonga.” Akaendelea na safari yake ya kwenda kisimani.

Nilimkasirikia kwa siku nzima. Watu wengi wamewahi kuniambia ukweli tangu siku ile, na bado hasira ndiyo inayotangulia kufika.

Mambo yalifikia mwisho siku moja ya kazi ambayo nilitoka ofisini mapema kwa sababu umeme ulikatika mjini. Sikutarajiwa nyumbani saa zile. Ua ulikuwa mtupu, Mama Rispa alikuwa sokoni, na nilipopita kando ya banda la kuni nilimsikia mbwa akigonga mkia wake kwenye mbao jinsi alivyokuwa akigonga akifurahi. Nikachungulia. Sifa alikuwa amechutama karibu naye, amevaa sare ya shule, mkoba umelala chini. Alikuwa amekuja kumwona. Kati yao palikuwa na karai la mbwa, na ndani ya karai mlikuwa na ugali wa asubuhi na mchuzi wa matumbo. Mbwa hakuwa anakula. Alikuwa amekaa akimwangalia. Sifa ndiye aliyekuwa akitafuna.

Aliponiona akaficha mkono nyuma ya mgongo wake.

“Nilikuwa namlisha,” alisema.

“Umefanya vizuri,” nikasema. “Asante kwa kumlisha.”

Tulibaki hivyo, uongo wetu ukiwa katikati, wake wa mtoto mwenye njaa na wangu wa mtu mzima aliyeshiba. Sikumkumbatia. Sikusema pole. Nilisema, “Ngoja nipike chai,” nikaingia chumbani, nikawasha jiko. Alikunywa chai na mkate wote niliokuwa nao, akiwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, akiyatazama maua ya pazia langu. Tulipomaliza nikachukua kamba, nikamfunga Tomi, nikampa Sifa mwisho wa kamba ile. “Twende,” nikasema. “Twende tumrudishe Watachoka.” Njiani alikuwa akijaribu kutembea kwa heshima kando yangu, lakini tulipouona mti wa mpera alishindwa kujizuia, akakimbia na mbwa akakimbia naye, na nikasikia wale wavulana wakipiga kelele jina lile lililokuwa kama tusi na kama sala. Nilipofika uani Selina alikuwa amejiinua ameketi wima, mbwa ameweka kichwa chote kwenye mapaja yake. “Umefikiria,” aliniambia, na nilishindwa kujua kama ni shukrani au ni kitu kingine.

Ningependa kuishia hapo. Nadhani Sifa huishia hapo anapowasimulia wanawe: anti akamrudisha mbwa, akaendelea kuleta unga, wa watoto na wa mbwa. Ni kweli niliendelea. Shemeji zake Selina walikuja mara moja wakakuta mbwa amesimama njiani, manyoya ya mgongo yamesimama, wakaita kutoka mbali kama watu wenye adabu. Selina alinisimulia jambo hilo akicheka hadi akakohoa. Alifariki mvua fupi zilipokuwa zinaisha. Kwenye mazishi wanawake wa barazani walikuja wote, wakaimba vizuri sana. Siku iliyofuata shemeji zake wakafunga nyumba kwa kufuli yao wenyewe.

Mama yake Selina alikuwa ametoka Malava kuja kuchukua watoto. Kukhu, ndivyo walivyomwita, bibi mfupi mwenye mgongo uliopinda na macho makali. Nilikwenda kuwaaga alasiri ile. Walikuwa wameketi kando ya barabara ya kwenda mjini, na vitu vyao vyote vilikuwa ndani ya gunia moja. Sifa alikuwa amesimama mbali kidogo na mbwa, kamba mkononi. Kukhu akanishika mkono akanivuta pembeni.

“Mwanangu,” alisema, “hawa wadogo nitawaweza. Wanakula kidogo. Lakini huyu msichana, walimu wanasema ana kichwa. Nikimpeleka kwangu shule imeisha. Nitamfanya wa kuchota maji na kulea hawa, si kwa kupenda. Watoto wanasema wewe ndiye mtu wao hapa. Huwezi kukaa na yeye? Alale hata chini. Ni mtoto hasumbui.”

Nilimtazama Sifa, ambaye alikuwa anatazama kwingine kwa bidii sana. Nikafikiria chumba changu. Nikafikiria pazia, na yale maneno ambayo wanawake wangesema kuhusu ugonjwa ule kama ungekuwa umemfuata mtoto, na mafuta taa, na sare, na miaka. Nilikuwa kijana. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Yeye alikuwa kijana zaidi.

“Kukhu,” nikasema, “chumba changu ni kidogo sana. Na mwenye nyumba wangu ni mkali, hapendi watoto wa watu.”

Bibi yule alinitazama usoni kwa muda mrefu kidogo. “Haya,” alisema. “Na mbwa? Hatuwezi kupanda na yeye.”

“Mbwa nitakaa naye,” nikasema. Lilitoka haraka, kabla sijalisikia.

“Mungu akubariki,” alisema Kukhu, akauachilia mkono wangu.

Sifa alinikabidhi kamba. Aliniambia usiku anapenda kulala karibu na mlango, kana kwamba sikuwahi kuishi na mbwa yule, nami nikasema nitakumbuka. Gari lilipowachukua, mbwa alikaa chini barabarani akakataa kusimama. Ilinibidi nimvute, na watu waliokuwa wakipita wakawa wanatazama mwanamke wa sketi ya ofisini akiburuta mbwa kwenye vumbi.

Nilipoingia uani giza lilikuwa linaanza. Kulikuwa na harufu ya kuku, ingawa haikuwa Jumapili. Mama Rispa alitokea kwenye mlango wa jiko lake akijifuta mikono, akanitazama mimi, akamtazama mbwa, kisha akatazama nyuma yangu, njiani, akangoja.

“Na mtoto?” aliuliza.

“Mtoto gani, mama?”

“Sifa. Nyanya yake aliniuliza jana kule kwa mazishi kama naweza kukubali akae hapa. Nikamwambia nyumba yangu iko wazi, lakini akuulize wewe, maana ni wewe anakuzoea.” Bado alikuwa anatazama njia. “Hakukuuliza?”

Kwa hiyo yule bibi alijua. Aliposimama pale barabarani akinisikiliza nikisema mwenye nyumba ni mkali, alikuwa amekwisha kupata jibu la mwenye nyumba. Na bado akaniombea baraka.

“Aliniuliza,” nikasema.

Mama Rispa alirudi jikoni, nami nikamfuata kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Mezani palikuwa na sahani tatu. Ile kuku, ingokho, ilikuwa imeshapakuliwa, na ugali, obusuma, umekatwa, na kwenye sahani moja alikuwa ameweka paja, kipande anachopewa mtoto anayekaribishwa nyumbani. Kwenye pembe ya chumba, juu ya mkeka mpya, palikuwa na blanketi lililokunjwa. Alichukua ile sahani yenye paja, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka juu ya kabati mahali mbwa asipoweza kufika.

“Kesho nitaenda Malava kumchukua mwenyewe,” alisema. Akaketi, akavuta sahani yake, akanisukumia yangu. “Wewe kula.”

Nikala.